Kibao Shingoni

Niliondoka Lamu nikiamini kwamba lugha mbili hazikai nyumba moja. Ikiingia moja, ya pili itoke. Sikufundishwa hivyo na kitabu chochote. Funzo hilo nililivaa shingoni nikiwa darasa la nne.

Waliosoma Kenya wanajua ninachokisema. Kitu hicho sisi tulikiita diski, ingawa chetu kilikuwa kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Asubuhi monita alikuja nacho mfukoni. Wa kwanza kusikiwa akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alivishwa, na tangu hapo kazi yake ikawa kutega masikio mpaka amnase mwenzake amvishe naye. Aliyekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia alibaki kuosha vyoo, kwa kuwa kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na mwalimu wetu wa zamu alikuwa mtu wa kufuata sheria. Ukutani, hatua chache kutoka pale tulipopangwa mstari, palikuwa pameandikwa kwa rangi ya kijani: Mwacha mila ni mtumwa. Chama cha Kiswahili ndicho kilichoandika.

Watoto wa Amu, yaani Lamu, tulikuwa na hasara ya pili. Hata kipindi cha Kiswahili kikifika, Kiswahili chetu hakikuwa Kiswahili. Mwalimu alitoka bara, mtu mpole asiyepandisha sauti, na kila nilipoandika nti aliipigia mstari mwekundu akaandika nchi. Mato yakawa macho, ndia ikawa njia. Siku nilipomwambia mwenzangu "ndoo", yaani aje, mwalimu aliuliza ndoo ya nini, ya maji? Darasa zima likacheka, pamoja na yule niliyemwita. Ni miaka mingi baadaye, chuo kikuu, niliposoma kwamba lahaja ya kusanifiwa ilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kwamba kilichochaguliwa ni Kiunguja. Kabla ya hapo watu wa kwetu walitunga tenzi kwa Kiamu vizazi na vizazi bila kumwomba mtu ruhusa. Swali juu ya hayo lilikuja katika mtihani, nikalijibu vizuri, nikalisahau.

Kiingereza kilinilipa, sitakikana. Kilinipeleka shule ya bweni bara, kikanipa shahada, kikanipa kazi Mombasa, na mwisho kikanifikisha Ubalozi wa Japani, Nairobi, kujaza fomu za mpango wa JET. Serikali ya Japani iliuanzisha mpango huo mwaka 1987. Huchukua vijana wenye shahada kutoka nchi nyingi, Kenya ikiwamo, wakawe walimu wasaidizi wa lugha katika shule za umma. Mkataba ni wa mwaka mmoja na huweza kurefushwa hadi mitano. Mahali pa kwenda unaruhusiwa kupendekeza, lakini wao ndio waamuzi. Mimi nadhani niliandika Yokohama. Nikapewa Yonaguni.

Yonaguni ndiyo ardhi ya mwisho ya Japani upande wa magharibi. Tokyo iko kilomita 2,000 hivi. Taiwan iko kilomita 111, na siku chache katika mwaka, hewa ikisafika, ukisimama rasi ya Irizaki unaiona milima yake. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 30. Vijiji ni vitatu, Sonai, Kubura na Higawa, na watu wote hawafiki 2,000. Zamani walikuwa wengi. Taiwan ilipokuwa koloni la Japani, kuanzia 1895 hadi 1945, vijana wa Yonaguni walikwenda huko kutafuta kazi, na vita vilipokwisha na mpaka ukapitishwa katikati ya bahari yao, waliendelea kuvuka usiku kwa magendo. Miaka hiyo kisiwa kilikuwa na watu wapatao 12,000. Magendo yakazimwa, watu wakatawanyika.

Nilishuka Agosti, joto likinikumbusha Februari ya Mombasa, na mtu wa kwanza kunikatia njia alikuwa farasi. Yonaguni ina farasi wake, wafupi, wanene wa shingo, wanaozurura katika malisho na barabarani na kuacha mavi kila mahali. Gari husimama likawangoja. Wageni wote hupiga picha. Mimi nimekulia mji ambao punda ndiye mwenye njia na binadamu hubana ukutani, kwa hiyo yule ofisa wa elimu aliyenipokea alishangaa kuniona nikimpiga farasi kofi la matako na kupita.

Maisha ya pale mengi niliyajua kabla ya kufika. Meli ya mizigo na abiria hutoka Ishigaki mara mbili kwa wiki, safari ya saa nne hivi, na wenyewe wameipa jina la utani la meli ya matapishi. Bahari ikichafuka haiji. Maziwa huisha kwanza dukani, kisha mkate, kisha mayai, na watu hawanung'uniki. Hula walicho nacho na kutazama mbingu. Mtu aliyezaliwa Lamu akaona kusi ikifunga bahari hahitaji kuelezwa. Tufani ndizo zilizokuwa mpya kwangu. Septemba 2015 kipimo cha kisiwani kilisoma upepo wa mita 81.1 kwa sekunde, na hadi leo watu huhesabu matukio kwa kabla na baada ya siku hiyo. Jirani yangu, bibi wa zaidi ya miaka themanini, ambaye mimi kama kijiji kizima nilimwita Obaa, alikuja kukagua madirisha yangu tufani ya kwanza ilipotangazwa. Alikuta nimefungasha beseni na viti vya nje, akaguna kwa kuridhika, akaniachia kipande cha nduaro aliyevuliwa asubuhi, akaenda zake.

Chakula kilinisumbua zaidi kuliko upepo. Okinawa ni nchi ya nguruwe. Wamo kwenye supu, kwenye tambi, kwenye mboga ambazo ungeapa hazina nyama. Shuleni, mwanzo wa kila mwezi, hutolewa karatasi yenye chakula cha kila siku na viambato vyake vyote. Mwalimu wa lishe aliichukua karatasi yangu, akachora nyota nyekundu kila siku yenye nguruwe, na siku za nyota nilikuja na kibweta changu cha wali na samaki. Ramadhani ya kwanza watoto walinihurumia mno. Walinong'ona wakila. Mmoja wa darasa la pili aliuliza kama kumeza mate kunaruhusiwa, swali ambalo hata chuoni kwetu tuliwahi kumuuliza maalimu.

Shule zenyewe ni ndogo kiasi ambacho mwalimu wa Kenya huona haya kusimulia kazi yake. Nilitoka darasa la watoto hamsini na zaidi, nikakuta la watatu, na jingine ambamo madarasa mawili hukaa chumba kimoja mwalimu akiwageukia hawa na wale. Watoto huvua viatu mlangoni na kuvaa vya ndani. Hujipakulia chakula wenyewe kwa zamu, na baada ya hapo kila mtu, hata mwalimu mkuu, hushika ufagio na tambara. Kudeki kule si adhabu. Nilikaa muda mrefu kabla ya mwili wangu kukubali hilo. Nilipomwona mtoto amepiga magoti akisugua sakafu, moyo uliuliza amesema neno gani.

Kazi yangu ilikuwa Kiingereza, nacho kilikuwa katika mabadiliko. Watoto wa darasa la tano na la sita walikuwa wakikicheza kwa nyimbo na michezo. Kuanzia Aprili 2020 kikawa somo kamili lenye kitabu na alama, na wa darasa la tatu na la nne ndio wakaachiwa michezo. Mwaka huo huo korona ikatuvisha barakoa. Jaribu kumfundisha mtoto tofauti ya l na r ilhali huuoni mdomo wake wala yeye hauoni wako.

Lakini barakoa haikuwa sababu ya kimya. Kimya nilikikuta. Nikiuliza swali, mtoto aligeuka kumtazama mwenzake, wakashauriana kwa macho, kisha wote wakatazama meza. Salamu waliijua, na waliikariri kwa pamoja kama sisi tulivyokariri yetu tukisimama kwa mwalimu aingiaye. Baada ya salamu, basi. Darasa la watu watatu halina pa kujificha, na hao watatu walikuwa wamekaa pamoja tangu chekechea. Kila mmoja alijua nani hukosea wapi. Nilidhani wanahitaji nidhamu ya lugha. Nilitaka kipindi kizima kiwe Kiingereza kitupu, nami nilijua njia za kulifanya hilo liwezekane.

Hapo ndipo likizo moja nilipovuka kwenda Taketomi, kisiwa cha mapaa ya vigae vyekundu na njia za mchanga mweupe, karibu kabisa na Ishigaki. Pana makumbusho madogo ya hekalu, yaitwayo Kihoin, yaliyojaa vyombo vya jikoni, nguo, mitego na fedha za kale, vimepangwa kwa kubanana. Niliingia kukwepa jua. Katikati ya vitu hivyo palikuwa na kibao cha mbao chenye tundu na kamba, na maandishi ambayo kwa wakati huo niliweza kuyasoma: kibao cha lahaja. Sikuhitaji maelezo, ingawa yalikuwapo. Mtoto aliyesema lugha ya kwao shuleni alikivaa, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake.

Nilicheka kwa sauti. Mama aliyekuwa akikata tiketi alinitazama. Nilimwambia kwa Kijapani changu cha kubahatisha kwamba na mimi nilikuwa nacho, akadhani nasema nimekipenda, akanionyesha kadi za posta.

Niliporudi nilimuuliza Obaa. Alikuwa kibarazani akichambua majani ya kuba, mtende wao wa kufumia kofia na vipepeo, na hakuacha kazi. Ndiyo, alikivaa. Ilikuwa baada ya vita, Wamarekani wakitawala. Nilifikiri atasema Wamarekani ndio waliokileta, na kwa kweli nilikuwa nimeshajitayarisha kuelewa hivyo. Akasema hapana, walimu wetu, watoto wa hapa hapa. Desturi yenyewe ilitangulia vita. Ufalme wa Ryukyu ulitwaliwa na Japani mwaka 1879 ukafanywa mkoa wa Okinawa, na shule zikaanza kuwafinyanga watoto wawe Wajapani kwa ulimi. Vita vilipowaweka chini ya Marekani, walimu wa Okinawa ndio waliokuwa mbele kudai kurudi Japani, jambo lililotimia mwaka 1972, na waliona kwamba mtoto asemaye Kijapani safi ni hoja mojawapo ya kudai. Hawakumchukia mtoto. Walimtakia mema, wakamfunga kibao.

Kote Okinawa wazee husimulia hila ile ile. Mwenye kibao anamkanyaga mwenzake mguu ghafla, kwa nguvu, na mtu akiumia hulia kwa lugha aliyonyonya. Hapo amenaswa. Obaa alipoigiza kilio hicho alicheka hadi akaweka majani chini. Mimi nikamwambia nilinaswa kwa mjusi aliyekufa ndani ya kitabu cha hesabu, nikasema "Mama wee!" mbele ya monita. Tulicheka pamoja, bibi wa Yonaguni na binti wa Amu, na nilihisi kwamba kuna jambo limenivuka bila kuniomba ruhusa.

Kisha nikauliza swali la mtu aliyesoma: je, wajukuu anawafundisha? Lugha ya kisiwa, ambayo wenyewe huiita Dunan Munui, haieleweki kabisa kwa Mjapani wa Tokyo. Ikisemwa mbele yake hapati neno. Japani iliihesabu kuwa lahaja tu. Mwaka 2009 UNESCO iliorodhesha lugha nane za Japani zilizo hatarini, na ya Yonaguni iliwekwa miongoni mwa zilizo taabani zaidi. Ikema Nae, mwenyeji wa kisiwa, alishatoa kamusi yake mwaka 1998. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma usiku uliotangulia, na nilimmwagia Obaa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Watakifanyia nini, sensei?"

Wanawe wako Naha na Osaka. Wangekwenda huko na Kidunan, alisema, wangekula nini? Hakuwa na uchungu. Kibao kilimdhalilisha, na Kijapani kiliwalisha wanawe, na mambo hayo mawili aliyabeba pamoja bila kuyalazimisha yapatane. Mamangu mzazi, aliyeuza mikate ya mofa kunilipia karo, angejibu neno kwa neno. Sikuwa na la kumwambia. Ningekuwa na la kumwambia nani, mimi niliyevuka bahari mbili kwa mshahara wa Kiingereza?

Watu wakinitaka ushuhuda hutaka niseme kwamba siku hiyo niliona mwanga. Sikuona. Nilichokiona, na kilichukua miezi, ni kwamba yule mtoto anayetazama meza hakukosa maneno ya Kiingereza. Alikosa jambo la kuniambia. Kitabu kilimtaka aniambie anapenda chakula gani na siku yake ya kuzaliwa ni lini, mambo ambayo katika kisiwa cha watu 2,000 nilikwisha yajua, naye alijua kuwa nayajua. Nani atahatarisha aibu kwa habari isiyo habari?

Shule za Japani zina vipindi vya masomo jumuishi, vilivyoingizwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambavyo shule huvijaza kwa mambo ya mahali pake. Mwalimu mwenyeji wa darasa, kijana kutoka Naha ambaye bibi yake husema lugha asiyoielewa yeye, alikubali tuvifunge pamoja na Kiingereza. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Nenda kwa mzee, uliza jina la upepo, la samaki, la chombo, na namna kinavyotumika. Andika kwa Kidunan, kwa herufi za Kijapani zinavyoweza kukidhi. Eleza kwa Kijapani. Kisha nieleze mimi kwa Kiingereza, kwa sababu mimi ndiye nisiyejua.

Hilo la mwisho ndilo lililofungua. Mvulana ambaye sikuwahi kusikia sauti yake peke yake alisimama na kipepeo cha kuba, akaonyesha jani linavyokatwa, linavyokaushwa, linavyobanwa chini ya godoro usiku, na kwa Kiingereza cha vipande vipande akamalizia kwamba ni kazi ngumu sana na wewe hutaiweza. Mwalimu wa darasa aliingiwa na hofu nitakasirika. Nilimwambia arudie sentensi ile ile. Ilikuwa na wakati uliopo, kitendo kikanushi na kiwakilishi mahali pake, na zaidi ya hayo ilikuwa kweli; nilijaribu nikaharibu majani yote.

Kulikuwa na tatizo ambalo sikulifikiria. Februari 2015 wakazi walipiga kura juu ya kambi ya Jeshi la Kujilinda, waliokubali 632, waliokataa 445, na mwaka uliofuata kambi ikafunguliwa. Watoto wa askari waliongeza idadi ya wanafunzi, jambo ambalo hata wapinzani wa kambi walikiri limeziponyesha shule. Lakini watoto hao hawakuwa na bibi kisiwani. Msichana mmoja alitatua mwenyewe: alimpigia simu bibi yake Kyushu, akaja na maneno ya huko, ya lahaja ya wazee, ambayo babake humkataza kuyatumia. Darasa likajaa maneno ambayo mwalimu wa Kijapani hakuyajua wala mimi. Mimi nikachangia yangu. Kiswahili kikiandikwa ubaoni watoto wa Japani hukisoma sawasawa mara ya kwanza, kwa kuwa silabi zetu, kama zao, hupenda kuishia kwa irabu. Tatizo lilikuwa kula na kura tu, ambazo kwao ni kitu kimoja, na baada ya habari ya kambi hilo lilitufurahisha watu wazima zaidi ya watoto. Niliwaandikia kusi na kaskazi. Nikawaandikia nti na mato pia. Mkono wangu ulisita juu ya nti, nikaiacha bila mstari mwekundu.

Tangu hapo nilianza kumpigia mama simu na kusema naye kama nilivyosema kabla ya darasa la nne. Miaka yote nilimsemesha Kiswahili cha redioni, naye alijinyoosha kunijibu. Mara ya kwanza nilipomwambia "mama, mato yaniuma", alinyamaza, kisha akauliza kama nina homa.

Sitaki kupamba. Kidunan hakikufufuka kwa kipindi cha mwalimu mgeni. Hakuna mtoto aliyeanza kukisema nyumbani, na Obaa hakubadili neno lake. Alifurahi wajukuu wa watu kuja kumuuliza, akawapa mahindi, akawapeleka makwao wakisema fugarasa, asante ya kwao, kwa lafudhi aliyoicheka. Na kisiwa hakina shule ya upili. Kila Machi waliomaliza shule ya kati huondoka, miaka kumi na mitano tu, kwenda Ishigaki au Naha kukaa bweni au kupanga chumba. Wazazi huliishi hilo tangu mtoto azaliwe. Mzazi akikushika mkono na kukuomba umfundishe mwanawe Kiingereza cha kufaulu mtihani, huwezi kumjibu kwa hotuba ya urithi. Nilifundisha mtihani. Nilifundisha kwa bidii, na yule wa kipepeo alifaulu. Tofauti ni kwamba nilikuwa nimeacha kuamini kuwa lazima aache kitu getini ndipo aingie.

Sasa niko nyumbani, nafundisha katika shule moja ya kaunti ya Lamu. Diski ipo, imebadilika sura tu: siku hizi ni kadi iliyopigwa plastiki. Sera ya taifa haiiruhusu. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 madarasa ya chini yalitakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na mtaala mpya ulioanza 2019 umerudia hivyo hivyo. Nimewaonyesha wenzangu sera hiyo afisini. Nimewasimulia Taketomi. Nimejaribu mambo ya Yonaguni kwa darasa la watoto sitini, na nakiri kwamba kazi iliyokaa vizuri kwa watatu hutawanyika kwa sitini. Wazee wa mtaa wamechoka kuulizwa jina la jahazi.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri kuliko mimi kwa vipimo vyote vya idara, huniuliza swali lile lile kila muhula: matokeo yakishuka, nitawaeleza nini wazazi? Mimi humwambia kwamba mtoto aliyenyamazishwa hajifunzi lugha ya pili, hujifunza kunyamaza katika lugha mbili. Yeye hunijibu kwamba mimi nilivishwa diski na nikafika Japani. Jibu la hilo nimelitafuta sana, na nililonalo ni refu mno kwa mapumziko ya chai.

Kamati ya wazazi imeitisha kikao mwezi ujao kuijadili kadi hiyo, nami nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti, ambaye ni mjomba wangu kwa upande wa mama, amenipigia jana usiku kuniomba jambo moja. Anataka nizungumze kwa Kiingereza, wazazi wakisikie hicho cha Japani.